Zawadi Isiyopanda Ndege

Kila Jumamosi asubuhi Elinaja alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kukumbushwa. Mama yake, Generosa, akishatoka zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alipika mtori wa ndizi usio na nyama, akajaza bakuli na kulifunika kwa sahani. Elinaja alilichukua kwa mikono miwili, akavuka barabara yao pale Thornton Heath, London, akaenda kugonga mlango wa kijani wa Babu Gurmit.

Babu Gurmit hakuwa ndugu yao wa damu. Alikuwa Singasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu, aliyezaliwa Moshi, ambako baba yake alikuwa karani wa reli. Alihama na wazazi wake akiwa kijana, lakini Kiswahili chake hakikuhama. Generosa alipofika London mara ya kwanza, akiwa na mtoto mgongoni wala hajui hita inawashwaje, mzee huyo ndiye aliyekuja mlangoni na kumwamkia kwa Kichaga: "Shimbonyi!" Generosa alilia palepale kizingitini. Tangu siku hiyo mtori haukukosa kuvuka barabara.

"Morning, Babu!" Elinaja alisema siku hiyo.

Babu Gurmit aliziba masikio. "Nani huyo? Redio imewashwa?"

Elinaja alicheka. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe ni wewe! Pita."

Ndani ya nyumba ile kilizungumzwa Kiswahili tu, na Elinaja, ambaye nyumbani alizoea kumjibu mama yake kwa Kiingereza, alikuwa akijikongoja nacho wiki baada ya wiki. Malipo yake yalikuwa hadithi. Babu alimweleza jinsi mlima ulivyojitokeza asubuhi, mweupe kama mtu aliyejipaka unga, na jinsi magunia ya kahawa yalivyonukia kwenye mabehewa. Siku hizi hadithi zilikuwa nyingi zaidi, kwa kuwa mzee alikuwa akihama kwenda kuishi na binti yake, na kila kitu alichokishusha kutoka darini kilikuwa na habari yake.

Elinaja na mama yake nao walikuwa na safari. Likizo ilikuwa karibu, na wangekwenda Moshi kumwona bibi. Habari ya safari haifichiki. Sebule yao ilikwisha kujaa vifurushi vya watu: viatu vya mtoto wa fulani, miwani ya mama wa fulani, jezi ya mpira. Kila aliyekuja alisema, "Ni kitu kidogo tu, dada," na Generosa alipokea, maana hata yeye alikuwa amebebewa vitu na watu siku za nyuma.

Jioni ile Babu Gurmit alikuja na mkebe wa biskuti, umefungwa kwa kitambaa na kamba.

"Binti yangu," alimwambia Generosa, "hii ni zawadi ya Rupinder, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ndiye pekee wa ukoo wetu aliyebaki Moshi. Ni kitu cha baba yangu."

"Kitafika, Mzee," Generosa alijibu. Hakuuliza zaidi. Kwao, kumuuliza mtu mzima amefunga nini ni kama kumpekua mifuko.

Jumatatu, wakiwa kwenye basi la kwenda shule, Elinaja alimsimulia rafiki yake Keren habari ya vifurushi. Wazazi wa Keren walitoka Bukavu, Kongo, na Keren hakuwahi kukosa la kusema.

"Tantine wangu, mdogo wa mama, alibebeshwa begi hivyo hivyo," alisema. "Polisi wa airport wakafungua. Unajua nini ilikuwa ndani? Viwavi! Vikavu, begi nzima! Wakamuuliza, 'Mama, hivi ni vyako?' Akasema, 'Ndiyo, nimefunga mwenyewe,' na hata kula viwavi hali!"

Walicheka hadi dereva akawatazama kwenye kioo. Lakini baada ya kicheko Elinaja alibaki na neno moja: nimefunga mwenyewe. Mama naye angeulizwa hivyo. Angejibu nini?

Jioni walipima mizigo. Elinaja alipouinua mkebe aliona ni mzito kuliko biskuti yoyote, na ndani kitu kigumu kiligonga bati.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni zawadi ya mzee. Iache."

"Lakini ukiulizwa airport?"

Generosa aliketi kitandani. Alikuwa amechoka. "Elinaja, yule mzee alitupokea nchi hii wakati hatukuwa na mtu. Leo, siku ananituma mara ya kwanza, nimwambie simwamini?"

Elinaja aliurudisha mkebe chini. Aliwaza kuifungua kamba mwenyewe, kisha akaona hiyo nayo ni aina ya wizi. Asubuhi kabla ya shule alivuka barabara bila bakuli.

"Babu, shikamoo. Naomba kuuliza kitu, usinikasirikie. Ndani ya mkebe kuna nini?"

Babu Gurmit alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Bastola," alisema polepole.

Elinaja alidhani hajaelewa Kiswahili. "Bastola ya kweli?"

"Ya kweli, lakini haina risasi. Ilikuwa ya baba. Alipeleka mishahara ya vibarua kwenye stesheni ndogondogo, ndiyo maana alipewa. Aliipiga mara moja tu katika maisha yake, tena juu angani. Tulikuwa Kahe tukingoja treni, fisi akaja kunyemelea mbuzi wa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai. Mimi nilikuwa mdogo, nimelala kwenye benchi. Niliposikia mlio nikadhani mlima umepasuka! Yule mama alitupa chai bure, na baba mikono ikamtetemeka, ikamwaga nusu kikombe." Macho ya mzee yalikuwa mbali sana na Thornton Heath. "Nimeikuta juzi ndani ya sanduku lake la bati. Sikujua kama alikuja nayo. Baba alisema kitu chake kiende kwa aliyebaki Moshi. Basi nikasema irudi nyumbani."

Ilikuwa hadithi nzuri, na Elinaja alitamani isiishe. Lakini aliuliza alilokuja nalo.

"Babu, mama akikamatwa nayo, itakuwaje?"

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mimi nilimfikiria baba," alisema hatimaye. "Nilimfikiria Rupinder. Mama yako sikumfikiria kabisa."

"Nitamwambia, Babu. Samahani."

"Usiombe samahani. Twende tukamwambie pamoja."

Generosa aliposikia, alisimama katikati ya sebule mkono mdomoni. Alijiona yuko kiwanja cha ndege, sanduku limefunguliwa, mwanawe anatazama. Hakumgombeza mzee. Alisema tu, "Mzee wangu, ungenipoteza."

"Nipe mkebe," alisema Babu Gurmit, akivaa koti. "Naupeleka polisi sasa hivi."

"Hapana!" Generosa alimzuia. "Utembee barabarani na bastola? Ukisimamishwa njiani nani atakuamini? Iache ilipo, asiiguse mtu. Tuwapigie simu, waje wenyewe."

Walipiga simu, wakaeleza kila kitu. Wakaja askari wawili. Mmoja wao, mwanamke mpole wa makamo, alivaa glavu, akafungua mkebe, akahakikisha bastola haina risasi. Aliuliza maswali mengi na kuandika majibu. Babu Gurmit alijibu yote bila kupunguza.

"Nilitaka kumpa mtoto wa kaka yangu," alisema. "Je, mtu hawezi kumpa ndugu yake silaha ya ukoo wao?"

"Kuna njia za kisheria," yule askari alijibu, "lakini hakuna hata moja inayopita kwenye sanduku la msafiri. Ni lazima kwanza uwe unaimiliki kwa halali. Upate kibali cha kuitoa nchi hii, na mwenzako apate kibali cha kuipokea kule. Isafirishwe na watu wenye leseni ya kazi hiyo. Hii haina kibali popote, na bastola kama hii raia haruhusiwi kukaa nayo hapa. Tutaichukua, na taarifa yako itaangaliwa. Umefanya vizuri kutuita mwenyewe."

Chini ya bastola palikuwa na ala yake, mfuko wa ngozi wa kuichomekea, jina la baba limechorwa na fundi viatu wa Moshi. Askari aliigeuza, akaichungulia ndani, akamrudishia mzee. "Hii ni ngozi tu. Kaa nayo."

Siku chache baadaye mzee aliarifiwa kwamba hatashtakiwa. Ndipo alipompigia Rupinder na kumsimulia. Sauti kutoka Moshi ilijaa chumba.

"Baba mdogo! Hata huku bastola bila kibali ni jela! Ulitaka kuniletea zawadi ya kifungo?"

Babu Gurmit alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena.

Siku ya mwisho kabla ya safari alikuja na ile ala mkononi, wazi, bila kamba wala kitambaa. Aliiweka mbele ya Generosa ili aikague ndani na nje. Kisha akamgeukia Elinaja.

"Na wewe nina mzigo wako. Utamsimulia Rupinder na watoto wake habari ya fisi wa Kahe. Kwa Kiswahili, usiruke hata chai iliyomwagika. Bastola ilikuwa nzito, mjukuu wangu, lakini hadithi haina kilo." Alimshika bega. "Nami umenifundisha. Zawadi njema haimfichi anayeibeba kitu. Ukimpenda mtu, mwambie anachobeba. Na ukibebeshwa, uliza, hata kama aliyekupa unamheshimu. Kuuliza si kukosa adabu."

Usiku ule Generosa alifungua vifurushi vyote vya watu kwa idhini yao, akavifunga upya. Kwenye kiwanja cha ndege, mwanamke wa kwenye kaunta aliuliza bila hata kuinua macho, "Mizigo hii umeifunga mwenyewe?"

"Nimeifunga mwenyewe," Generosa alisema. "Na najua kila kilichomo."

Elinaja alikuwa kando yake, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa amefika pale kwenye benchi la stesheni, mtoto amelala, na fisi anakuja taratibu.

"Unasema nini?" mama yake aliuliza.

"Nafanya mazoezi," Elinaja alijibu, kwa Kiswahili.