Kava la Mashine ya Nurudini

Nisameheni kabla sijaanza. Hadithi hii nitaiharibu, najijua: nina domo kubwa, nacheka kabla ya wasikilizaji, na safari hii naandika kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kufanya kazi ya maana tangu nizaliwe. Mkiona nimekosea, laumuni mkono.

Basi. Nurudini ana mashine ya kusaga hapa Kasulu, nyuma ya soko. Jumatatu, adhuhuri, alizima mashine, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda msikitini. Yuko rakaa ya pili, akaisikia inasaga. Hakukosea, mlio ule aliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mke wake. Alipotoa salamu tu alitoka mbio, viatu mkononi. Kufuli liko vilevile, mashine imenyamaza. Chini yake palikuwa na kichuguu cha unga wa kijivu, wa moto, unanuka nywele zilizoungua.

"Umeme ulikatika ukarudi," alisema binti yake, Firdausi, mwalimu wa fizikia. "Swichi uliiacha imewashwa, Baba. Imesaga punje zilizobaki ndani."

"Na harufu?"

"Mkanda unateleza kwenye puli. Mpira ukipata moto unanuka. Kava lake liko wapi?"

Kava, ule wavu wa chuma uliofunika mkanda, lilikuwa limeibiwa tangu Ramadhani. Mahali pake Nurudini alikuwa amebandika karatasi ya Ayatul Kursi, roho yake ikatulia.

"Baba, karatasi haizuii mkono."

"Shule imekupa ulimi, mwanangu. Hii inazuia visivyoonekana."

"Mkanda unaonekana."

Nurudini akaibonyeza karatasi kwa kidole gumba, ishike vizuri.

Jumatano mkanda ukamla Pasikali. Pasikali ndiye mwendesha mashine, mtu mzima mwenye wajukuu, kazi hiyo ameifanya miaka na miaka. Aliinama kuokota kibao cha kukung'utia unga, vidole viwili vikaondoka hadi kwenye kiganja, damu ikaruka mpaka kwenye bati la paa. Mama mmoja wa Makere alikuwa amekinga ndoo; unga wake ulibadilika ukawa mwekundu, akaiacha ndoo hapohapo na kitenge chake juu.

"Mana yanje, Mungu wangu! Imenivuta, bosi!" Pasikali alilia, ameubana mkono kwapani. "Sikuteleza! Imenishika hapa, kama mtu anavyokushika!"

Alhamisi alasiri Nurudini alimleta Shekhe Abdalah. Shekhe aliitazama karatasi, akaibandua taratibu, akaikunja, akaitia kifuani.

"Nurudini, maneno ya Mungu umeyapa kazi ya bati?"

"Shekhe, humu kuna jini."

"Jini huenda yupo. Mkanda upo, nauona. Mimi nitasoma, binti apime kava jipya. Zima swichi kubwa, halafu fyuzi nipe mimi."

Fyuzi ikaingia mfukoni mwa kanzu. Firdausi akapiga magoti kando ya puli na futi yake ya fundi. Shekhe akaanza kusoma.

Kwanza ilikuja ile harufu ya nywele, halafu ukaja mkwaruzo kama wa kucha ndani ya bomba la unga, na Nurudini, aliyekuwa mlangoni akijiambia ni panya, akauona mkanda unasogea kidogo, kidogo tena, puli inazunguka bila umeme wala mkono, na kabla hajapata neno la kusema mkanda ukashika kasi, ukadaka ncha ya mtandio wa Firdausi, ukamvuta mwanawe wa pekee shingo mbele, uso ukielekea kwenye chuma kinachozunguka, huku mdomo wa mashine ukitoa sauti ya mtu anayeongea na mawe kinywani.

"Nyumba yangu."

"Nyumba gani?" Shekhe alinong'ona.

"Ya chuma. Nilikaa kwenye wavu miaka kumi na miwili, sikumgusa mtu. Nani kaibeba nyumba yangu?"

Firdausi alikuwa amekanyaga mguu wa mashine kwa nguvu zake zote, macho yamemtoka, midomo imekuwa ya bluu.

"Baba," alikoroma. "Panga. Kata mkanda."

Nurudini alichomoa panga ukutani, akakata huku akiisoma ile aya kwa sauti, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Pigo la kwanza likadunda. La pili likaingia nusu. La tatu mkanda ukakatika, ukafyatuka kama nyoka, ukampasua jicho la kushoto kama nyanya. Alianguka juu ya binti yake. Binti alikuwa anapumua.

Juu ya bati zikasikika nyayo. Zilikwenda zikisimama, zikinusa, zikishuka upande wa nyumba za jirani.

"Ametoka?" Firdausi aliuliza, shingo imechubuka mzunguko mzima.

Shekhe alitia mkono mfukoni, akautoa haraka. Fyuzi ilikuwa imeunguza kanzu.

"Ametoka," alisema. "Lakini hakukimbia. Amekwenda kutafuta."

Ijumaa asubuhi fundi alifunga kava jipya, na kwenye hotuba Shekhe alisema: soma aya yako, na funga kava lako. Nurudini alikaa safu ya mbele na bandeji, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote, kisha akamwomba Mungu amshughulikie mwizi wa lile la zamani.

Ameshashughulikiwa. Wavu ule ulikuwa unafaa mno kuchomea mahindi, jamani, na ukuta wangu na wa Nurudini ni mmoja. Ijumaa hiyohiyo jioni niliweka hindi juu yake, nikanyoosha mkono wa kulia kuligeuza.

Mke wangu alirudi sokoni akakuta sinia limejaa unga wa moto. Akafurahi, masikini.

"Leo umesaga wapi, Baba Vestina?"

"Hapahapa nyumbani," nikamwambia. "Ila usisonge ugali."

Niliwaambia mlaumu mkono. Sikuwa na maana ya huu uliobaki.