Jina Lililokatwa Mwanzoni mwa Wimbo

Jumanne ile Meshack alifungua studio yake hapa Nkuhungu saa tatu asubuhi, akafagia vumbi lililoingizwa na upepo, akabandika chai. Hakuwa na haraka. Wimbo ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni kuutoa kwenye projekti ya kompyuta, ambamo kila sauti hukaa peke yake, uwe faili moja la kuchezeka popote, aikabidhi kwaya kabla ya uzinduzi wa Jumapili.

Anayemfahamu Meshack anajua ana utaratibu wake. Kila mwimbaji, kabla ya kuimba, hujitaja kwenye maiki: jina lake na anakotoka. Kwaya ina watu thelathini. Bila hivyo utatafuta sauti ya nani ni ipi mpaka uchoke. Kazi ikiisha, yeye huyakata majina yale.

Violeth, aliyeimba sauti ya juu kwenye wimbo huu, naye alijitaja hivyo hivyo. "Naitwa Violeth binti Ruthu, wa Kongwa." Kisha akaimba beti zote tatu kwa mkupuo mmoja, na alipomaliza akakohoa kidogo, kikohozi kikavu, akicheka kama anayeomba radhi. Alipovua hedifoni akasema, "Kaka Meshack, hata nisipokuwepo, mama ausikie huu." Meshack akaahidi. Kuahidi hakuchoshi mdomo. Wiki tatu baadaye tukamzika.

Matanga hayajaanuliwa, mwalimu wa kwaya, Bartolomayo, akaja studio na kufunga mlango nyuma yake.

"Mdogo wangu, watu hawatafurahia uzinduzi na sauti ya marehemu. Mweke Anitha."

Anitha ni binti yake wa kuzaa. Ana sauti tamu, lakini juu hafiki. Walijaribu siku mbili, mishipa ya shingo ikamsimama, na juu hakufika. Basi wanaume wawili wazima wakakubaliana: sauti ibaki ya Violeth, jina liwe la Anitha, na siku ya uzinduzi Anitha achezeshe midomo. Meshack akalikata lile jina mwanzoni, akalifuta, na kwenye traki ya sauti ile akaandika Anitha. Sijui hata alijisikiaje. Nadhani hakujisikia chochote, na hilo ndilo linaloniuma.

Wiki hiyo hiyo Mama Ruthu akafika kutoka Kongwa na kifuko cha karanga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumsikia binti yangu. Mara moja tu, halafu nirudi."

"Umeme ulikatika, mama. Faili likaharibika."

Mama aliitazama kompyuta iliyokuwa inawaka mbele yake. "Lote?"

"Lote."

"Haya. Shika karanga hizi. Violeth alisema unazipenda."

Na kweli alizipenda. Alizimenya siku nzima akifanya miksi ya wimbo wa mwenye karanga.

Sasa, Jumanne hiyo, ndani ya projekti kila kitu kilikuwa shwari. Ngoma safi, kwaya safi, sauti ya juu inapaa. Akatoa faili, akalicheza. Kabla ngoma hazijaanza kulikuwa na kitu. Mbali sana, kama mtu anayesema akiwa mwisho wa ukumbi mtupu. Akaongeza sauti.

"Naitwa Violeth binti Ruthu, wa Kongwa."

Akarudi kwenye projekti. Kimya. Hakuna jina.

Hakuogopa bado. Faili kutoka tofauti na projekti ni jambo la kila siku kwa prodyuza, na dawa zake zinajulikana. Akalinganisha vipimo vya projekti na vya faili, vilikuwa sawa. Akakagua kama kuna efekti aliyoisahau kwenye mlango wa mwisho wa sauti, hakuna. Akatafuta kipande chochote kilichojificha kabla ya sekunde ya kwanza, akakuta pamekatwa pakakatika. Akatoa faili la pili.

Jina lilikuwepo. Safari hii lilikuwa karibu zaidi, na mwangwi umepungua. Mtu wa studio anajua maana ya hilo. Mwimbaji amesogelea maiki.

Labda ni spika, akajiambia. Akalitia kwenye flashi, akavuka barabara hadi kwa Mwanaidi anayekaanga chipsi, akachomeka kwenye redio yake. Mwanaidi aliacha kugeuza viazi.

"Huyo dada anayejitaja ni nani?"

"Umemsikia?"

"Nisimsikie vipi? Si kama yuko hapa hapa?"

Meshack alichomoa flashi bila kuaga. La kuvunda halina ubani, lakini nani hukubali mapema? Ilibaki dawa moja. Badala ya kuiacha kompyuta iukimbize wimbo, angeutoa polepole, kwa urefu wake, huku anausikiliza mwanzo hadi mwisho. Akavaa hedifoni. Dakika tano na nusu. Alisikia ngoma, kwaya, beti tatu. Hakusikia jina. Akashusha pumzi. Akalicheza faili la tatu.

Hakuna ngoma.

Hakuna kwaya.

Kulikuwa na chumba. Sauti ya chumba kitupu, na upepo dirishani. Kisha ganda la karanga likapasuka. Jingine. Mwanamume akaanza kuuimba wimbo taratibu bila kufumbua mdomo.

Alikuwa yeye. Yeye asubuhi ile ile, akimalizia karanga za mama.

Akageuka kuitazama maiki. Ilikuwa ndani ya boksi lake, haijachomekwa tangu Ijumaa.

Ndani ya faili, mtu akavuta pumzi. Hakuwa yule anayeimba. Alikuwa karibu yake.

Halafu, bila mwangwi wowote, ndani ya sikio la kulia:

"Naitwa Violeth."

Alitupa hedifoni. Akafuta faili zote tatu, akafuta na projekti nzima, akaivunja flashi kwa kisigino. Jua la saa saba lilikuwa linawaka nje na watoto wanatoka shule. Kisha akampigia Mama Ruthu. Nisiseme alitubu. Aliogopa, akataka tu kuutua mzigo mlangoni kwa mwenyewe. Lakini njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa amefika mwisho wake.

"Haloo, mama. Ni Meshack wa studio. Nilikudanganya. Sauti ya binti yako ilikuwepo."

Upande wa pili walisikika kuku, na mtu akitwanga.

"Violeth?" mama akanong'ona.

"Hapana, mama. Ni Meshack."

"Violeth, mwanangu. Sema tena."

Akakata. Akafungua kirekodi cha simu, akasema kama asemavyo kila siku akijaribu maiki: "Moja, mbili. Moja, mbili." Akacheza.

Moja, mbili. Moja, mbili. Sauti ya mwanamke. Na mwishoni kikohozi kidogo, kikavu. Meshack hakuwa amekohoa.

Uzinduzi haukufanyika. Bartolomayo alikuja kufoka, akaambiwa atoe simu yake na arekodi anayoambiwa. Alirekodi, akasikiliza, akaondoka bila kofia yake. Hajarudi kuichukua.

Ukikaa na Meshack barazani, ni Meshack yule yule, na sauti yake nzito ya siku zote. Mpigie simu ndipo utajua. Mama Ruthu humpigia kila siku saa kumi na moja jioni. Mwanzoni alikuwa hapokei, lakini mama alipiga mpaka giza, siku baada ya siku, naye akachoka kusikia simu ikilia. Siku hizi hupokea. Ameacha kusema yeye ni Meshack, maana kila akisema, mama hulia. Huuliza tu, "Mama, umekula?" na mama humsimulia shamba, mbuzi, mvua isiyokuja. Akijaribu kumtuma mtu amweleze ukweli, mama hujibu kwamba amemsikia binti yake kwa masikio yake mwenyewe, na safari hii hadanganywi.

Juzi mama alimwambia, "Mwanangu, mbona kikohozi kimezidi?"

Meshack alijibu kwamba ni vumbi tu. Kisha akaenda ukutani kuitazama kalenda. Tangu Jumanne ile zilikuwa zimepita siku kumi na tisa; wiki tatu zilibakiza siku mbili.

Jana mchana Mwanaidi alimpelekea chipsi. Simu ilikuwa imezimwa, iko mezani. Meshack alinyoosha mkono kupokea sahani, akasema ahsante, akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Halafu akacheka kama anayeomba radhi.