Mawaridi ya Bibi na Jeshi la Jemadari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamwagilia mawaridi yaliyopandwa chini ya dirisha la bibi yake. Jina la Pilipili alipewa na baba yake, kwa sababu ukimgusa kidogo tu, anawasha. Lakini mbele ya mawaridi alikuwa mpole kama mtu mwingine kabisa.

Bibi mwenyewe hakuwapo. Alikuwa kwa mtoto wake mkubwa, mji wa mbali, akitibiwa macho. Kwa miaka mingi aliyajua maua yake kwa kuyanusa na kuyapapasa tu. Siku ya kuondoka alimshika mjukuu wake mkono.

"Mke mwenzangu," alimwambia, kama alivyozoea kumtania, "nikirudi nataka nilione waridi langu kwa macho, siyo kwa pua. Nakuachia wewe."

Basi Pilipili akajituma. Mwalimu wa kilimo alikuwa amewafundisha kwamba mabaki ya jikoni ni mbolea nzuri, yakifukiwa shimoni kwanza mpaka yaoze. Pilipili alisikia ile nusu ya kwanza. Kila jioni alimwaga pumba, makombo na maganda palepale kwenye mashina ya mawaridi, akayachanganya na udongo kwa kijiti.

Waliofurahi ni kuku. Walikuwa wa jirani, mama mmoja muuza mayai ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mayai. Kuku wake walizurura watakavyo, mbele yao jogoo mwekundu aliyetembea kifua mbele, ambaye Pilipili alimbandika jina la Jemadari. Siku moja Pilipili alirudi shuleni akakuta Jemadari na wake zake wanaparua chini ya dirisha, udongo unaruka, mawaridi yamelala chini na mengine yamevunjika.

"Shetani mkubwa wewe! Toka!" alipiga kelele, akarusha kandambili. Ilimkosa Jemadari, ikatua kwenye beseni la nguo alizokuwa akisuuza mama yake.

"Pole, mwanangu," Mama Mayai alisema kutoka mlangoni kwake. "Kuku ndiyo kazi yake hiyo, kuparua. Lakini na wewe, nani kawaandalia meza hapo?"

Alikuwa akitabasamu. Mungu wangu, hilo tabasamu! Lilimchoma Pilipili kuliko maua yenyewe. Hakujiuliza meza gani inayosemwa. Aliokota matawi yaliyovunjika, akayatupa jalalani kwa hasira, akayasimamisha yaliyobaki, na jioni akayaongezea pumba ili yapate nguvu.

Unajua kilichofuata. Jeshi lilirudi, likarudi tena. Yakaja majuma ya vita vya mawe na mafagio, na Jemadari hakupoteza hata unyoya. Mwishowe, siku chache kabla ya Bibi kurejea, mche wa mwisho uling'olewa na mizizi yake. Pilipili alikaa chini akalia mpaka kwikwi zikamshika.

"Mwambie Mama Mayai tukae tuzungumze," mama yake alimshauri. "Yule si mtu mbaya."

"Nizungumze naye nini? Ananicheka! Atanitambua, mama. Wallahi atanitambua."

"Pilipili!"

Lakini Pilipili alikwisha kupanga. Nyuma ya nyumba yake, Mama Mayai alikuwa na bustani ya mboga aliyoizungushia mabati chakavu, na mlango wake ulizibwa kwa matawi ya miiba. Hata kifaranga hakupenya. Kumbe anajua kuzuia kuku! Mboga zake haziguswi, maua ya Bibi ndiyo ya kuchezewa? Kila alipoifikiria ile bustani, damu ilimchemka.

Jumamosi Mama Mayai alipokwenda kupeleka mayai sokoni, Pilipili alizunguka nyuma, akavuta miiba kando, akamwaga pumba kidogo kidogo kutoka uwanjani mpaka ndani ya bustani. Jemadari akaona, akaita wake zake, wakafuatana kama wageni wa harusi.

Pilipili alikaa kwenye kizingiti cha jikoni kwao, akisikiliza makucha yakiparua upande wa pili wa mabati. Moyo ulimtulia tuli. Alijisikia raha kama aliyekula asali. Na aparuliwe! Na alie! Naye aone utamu wake!

Mama Mayai alirudi jua likiwa kali. Kwanza Pilipili alisikia trei tupu ya mayai ikianguka. Halafu akasikia kilio. "Jamani! Jamani, nimefanya nini mimi?"

Pilipili alitengeneza uso wa mshangao, akaenda kuchungulia. Mboga zilikuwa zimeisha kabisa. Lakini Mama Mayai hakuwa akizitazama. Alikuwa amepiga magoti pembeni, kwenye makopo ya zamani yaliyopinduliwa, akikusanya vijiti vyenye mizizi myeupe na majani madogo. Pilipili aliyatambua majani yale. Aliyamwagilia kila siku ya Mungu.

"Hayo... ni mawaridi?"

"Ya bibi yako," alisema Mama Mayai, akipangusa machozi kwa kanga. "Matawi uliyoyatupa jalalani niliyaokota, nikayachomeka humu yasifikiwe na kuku. Kuku wangu ndio walioharibu, sikuweza kukaa hivihivi. Yalishika vizuri. Nilitaka nikuletee kesho, kabla bibi hajafika, nikufute machozi. Sasa sijui hata nani kaondoa miiba."

Ile asali yote iligeuka shubiri kinywani mwa Pilipili. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Lakini mama yule alikuwa akikusanya udongo kwa viganja kwa ajili ya bibi ambaye si wake.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaingiza. Nisamehe, mama."

Mama Mayai aliinuka, akakung'uta udongo viganjani. "Ungekuja ukanitukana, ningekujibu, tungeyamaliza," alisema kwa ukali. "Umekaa kimya, ukanichimba. Haya, usilie. Angalia chini ya karai lile, labda limekinga mmoja."

Chini ya karai lililopinduka kulikuwa na kopo moja limesalia wima. Mche wake ulikuwa na tumba moja jekundu.

Siku hiyo hiyo walifanya kazi mpaka giza likawafukuza. Mama Mayai alimwonyesha pumba na maganda yaliyojaa chini ya dirisha. "Meza ndiyo hii," alisema, na safari hii Pilipili alielewa. Walichimba shimo mbali na maua, wakafukia mabaki yote humo. Walipanda mche, wakapanga mawe kuzunguka shina ili kuku wasipate pa kuparua, wakalaza matawi ya miiba juu ya udongo. Mama Mayai naye aliahidi kuwafungia kuku wake bandani mpaka alasiri. Pilipili akaahidi kuipanda upya bustani ya mboga, tuta kwa tuta, kila atokapo shule.

Bibi alifika kesho yake, amevaa miwani mikubwa myeusi. Alipoivua chini ya dirisha lake, alikuta waridi moja tu, limefunguka nusu. Aliliangalia mpaka machozi yakamtoka. Pilipili hakungoja kuulizwa. Alimweleza yote, Mama Mayai akiwa amesimama pale pale.

Jemadari, aliyetoroka bandani kama kawaida yake, alipita akiwika. "Kumbe ndiye huyu anayeniamsha miaka yote!" Bibi alishangaa. "Kwa sauti ile nilidhani ana ukubwa wa mbuzi." Walicheka wote, hata Pilipili katikati ya machozi.

Kisha Bibi akamvuta karibu. "Mke mwenzangu, kukasirika ulikuwa na haki. Maua uliyapenda, yakaharibiwa. Lakini jana ulipoondoa miiba, ulikuwa unataka nini? Waridi langu, au kilio cha jirani?"

Pilipili aliinama. "Kilio chake, bibi."

"Na ulikipata. Kikaja pamoja na mawaridi yangu ndani yake. Mwenye kulipiza kisasi hatazami anachokanyaga, mjukuu wangu, hata awe na macho mazima. Mtu akikuudhi, mwendee umwambie. Mlango wake uko hatua chache tu."

Pilipili alimgeukia Mama Mayai. "Mama, kesho nikitoka shule nianzie tuta lipi?"

"La mwisho, kule kwenye makopo," alijibu Mama Mayai. "Tukate na kijiti kimoja cha hili waridi, tujaribu tena."