Pikipiki Baada ya Miwani

Pale mtaani Lizaboni, mtu mwenye haraka alimwita Remmy. Asiye na haraka alimwita mwingine, kwa sababu alitaka kufika na meno yake yote. Hivyo ndivyo wenzake wa kijiweni walivyomtania. Remmy alikuwa dereva wa bodaboda, na utani huo aliuona sifa.

Mkewe, Noela, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwao. Mwezi wa sita ulikuwa umeingia na baridi yake, na watoto wa parokia walikuwa wanajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Magauni meupe yalining'inia kila pembe. Binti yao, Careen, alisema nyumba imejaa malaika wasio na vichwa.

"Malaika hao ndio wanaokulisha," Noela alimjibu, huku mguu wake ukikanyaga cherehani.

Karibu na kijiwe, kijana mmoja aitwaye Nassoro alifungua chumba cha gemu. Haikuwa gemu ya kutazama kwenye runinga. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote. Mikononi unashika vishikio viwili. Mara humwoni tena Nassoro wala ukuta wake. Unajiona uko katikati ya uwanja wenye ngazi na maboma, na watu wenye bunduki wanakukimbilia. Watu hao ni wachezaji wa kweli. Mmoja yuko Mbeya, mwingine Nairobi, kila mmoja amevaa miwani yake huko aliko. Ukipigwa risasi huumii. Unarudi mwanzo tu, na unachekwa.

Remmy aliivaa siku moja mchana, abiria walipokuwa wachache. Alikimbia, akaruka, akateleza chini ya ukuta, akageuka na kufyatua. Hayo yote aliyaona kwa macho. Mwili wake ulikuwa umesimama palepale kwenye zulia la Nassoro.

Haukupita muda, mate yakamjaa mdomoni. Jasho la baridi likamtoka. Alipoivua miwani, aliona mlango unayumba.

"Kaka, kaa chini," Nassoro alimwambia. "Usiendelee. Mwili umekataa."

"Umekataa nini?" Remmy alisema. "Wewe hujui sheria ya kijiwe?"

Sheria yenyewe kila dereva aliijua. Ukianguka na pikipiki, inuka, futa vumbi, panda papo hapo. Ukisubiri kesho, woga utakuwa umeshapanda kabla yako. Remmy alikuwa amelelewa na sheria hiyo, na magoti yake yalikuwa na makovu ya kuishuhudia. Basi akaivaa tena miwani. Akacheza mpaka akakimbilia nje kutapika.

Thadei, mwenyekiti wa kijiwe, alicheka hadi akashika mti.

"Mwacheni! Huyo anabatizwa!" alisema. "Akimaliza hapo amekuwa mwanajeshi."

Ikawa desturi. Remmy anacheza, anatapika, anasukutua mdomo, anawasha pikipiki. Kichwa kikiwa bado kinazunguka, yeye anaamini kwamba anakizoesha.

Siku aliyopigiwa simu na mkewe, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye uwanja wa ile gemu.

"Baba Careen, njoo unipeleke Majengo," Noela alisema. "Magauni matatu yako tayari, na mama zao wananisubiri."

Remmy alifika mbio, kama kawaida yake. Noela alikaa nyuma, magauni yakiwa mapajani kwenye mfuko.

"Mbona umepauka?"

"Baridi tu, Mama Careen. Shika vizuri."

Kwenye mteremko, bajaji ilitokea njia ya pembeni. Remmy aliiona. Jambo la kusikitisha ni kwamba aliiona vizuri kabisa. Ila aliiona iko mbali, na haikuwa mbali. Mkono ulipoifikia breki, ulikuwa umeshachelewa. Akaikwepa. Pikipiki ikaingia mtaroni.

Yeye aliinuka na michubuko. Noela hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye matope, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Hakulia. Alikuwa anayatazama magauni.

Hospitali walisema kiwiko kimevunjika vibaya. Walimfanyia upasuaji, wakaweka vyuma. Remmy akamuuliza daktari swali moja tu: atashona tena?

"Mfupa utaunga," daktari alisema. "Kiungo kukunjika na kunyooka kama zamani, hilo siwezi kukuahidi."

Magauni yaliyobaki yalichukuliwa na fundi mwingine. Kuta za nyumba zikabaki wazi. Cherehani ilifunikwa kitenge, na hakuna aliyetaka kuitazama. Jumapili ya Komunyo, Noela alisema anaumwa, hakwenda kanisani. Alikaa ndani akisikiliza kengele.

Waliomuuliza Remmy kisa cha ajali, aliwaambia ni breki. Aliipeleka pikipiki kwa fundi, na kwa kweli alimwomba Mungu breki zionekane mbovu. Fundi akazijaribu, akasema, "Breki hizi nzima, kaka. Ningekuwa nazo mimi ningeshukuru."

Dada Edna, jirani yao, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Plasta ilipotolewa, alikuwa akipita kwao jioni akitoka kazini, kumsaidia Noela kukunja mkono.

"Shikamoo, dada," Remmy alimwamkia jioni moja.

"Marahaba. Hebu kaa hapa, Baba Careen. Nimeambiwa ni breki. Jana nimesikia breki ni nzima. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe. Siku ile ulikuwa umetoka wapi?"

Remmy alitazama vidole vya miguu yake.

"Kwa Nassoro. Kwenye gemu."

"Ulijisikiaje?"

"Nilitapika. Kichwa kilikuwa kinazunguka. Lakini nilikuwa nakizoesha. Ukianguka, unapanda papo hapo..."

"Sheria hiyo inatibu woga," Edna alisema. "Kizunguzungu si woga. Sikiliza. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kama umesimama au unakwenda. Ukivaa miwani ile, macho yanasema, 'Tunakimbia!' Sikio linasema, 'Tumesimama.' Ubongo wako unakuwa kama hakimu mwenye mashahidi wawili wanaopingana. Unavurugika. Ndiyo maana unatoka jasho na kutapika."

"Nikivua si mambo yanaisha?"

"Hayaishi papo hapo. Wengine dakika chache, wengine saa kadhaa. Kwa muda huo unaweza kukosea umbali. Mkono unaweza kuchelewa. Mtu akijilazimisha kucheza huku anaumwa, mara nyingi anazidisha. Dawa yake ni kuvua miwani mara tu dalili ya kwanza inapoanza, kukaa, kupumzika. Na usiendeshe chochote. Hata baiskeli."

Ndipo Noela, aliyekuwa amekaa pembeni yao, akasema, taratibu:

"Kwa hiyo ulijua unaumwa."

"Nilijua, Mama Careen."

"Na ukanipakia."

Noela aligeuza uso wake ukutani. Edna akaushika ule mkono, akaendelea kuukunja polepole.

Kesho yake Remmy alikwenda kijiweni, akawaambia wenzake ukweli. Haikuwa rahisi. Watu waliozoea kukucheka hawajui wafanye nini ukilia mbele yao.

"Kwa hiyo tufunge gemu, tucheze bao?" Thadei aliuliza, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Chezeni," Remmy alisema. "Ila ukianza kujisikia vibaya, vua. Asikwambie mtu uvumilie. Na anayecheza leo, haendeshi tena leo. Amalize kazi kwanza, halafu acheze, arudi nyumbani kwa miguu."

Nassoro alikubali. Mgeni wa miwani, Nassoro alimwanzishia michezo ya polepole, ya kusimama mahali pamoja na kulenga shabaha. Mizunguko ikawa mifupi, na kati yake mtu anakaa. Dereva akiingia, anaacha funguo kwa Nassoro, na funguo hazitoki mpaka asubuhi. Wa kwanza kulalamika alikuwa Thadei. Wa kwanza kutapika alikuwa Thadei vilevile. Siku hiyo alikwenda kwao kwa miguu, kimya kama mtu anayetoka kuungama.

Kila alfajiri Remmy alichemsha maji, akamkanda mkewe kiwiko, akamsaidia mazoezi aliyoelekezwa. Noela aliuma kanga asipige kelele. Maneno kati yao yalikuwa machache: kunja, nyoosha, basi. Mvua za kwanza zilipoanza, mkono ulikuwa unakunjika vizuri. Kunyooka wote ulikataa. Ulibaki umepinda kidogo, na Edna aliwaambia kwamba utabaki hivyo. Noela alifunua cherehani. Gauni alilokuwa akilimaliza kwa siku moja, sasa lilimchukua siku mbili. Lakini lilikwisha, na mishono ilinyooka.

Tangu ajali, hakuwahi kupanda pikipiki ya mumewe. Alitembea, au alimwita Thadei.

Alasiri moja alikuja kijiweni na mfuko wa sare za kwaya ya kijiji cha Mpitimbi. Hakumwita Thadei. Alisimama kando ya pikipiki ya Remmy, akaweka mkono juu ya kiti.

Remmy alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa miezi. Ni kweli alikuwa amekaa muda mrefu bila kuigusa miwani. Lakini mchana ule alikuwa amecheza, mzunguko mmoja mfupi, na hakujisikia vibaya hata kidogo. Angeweza kusema yuko mzima, na asingekuwa anadanganya sana.

"Mama Careen," alisema, "leo siwezi kukupeleka. Nimecheza mchana. Funguo ziko kwa Nassoro."

Thadei alifungua mdomo, akaufunga.

Noela alimtazama mumewe, akaondoa mkono kwenye kiti.

"Basi," alisema, "nitakwenda kesho."

Asubuhi alipanda. Alimzungushia mumewe mkono wa kulia. Wa kushoto haukuweza kufika mbele, kwa hiyo alishika shati lake ubavuni, akakunja ngumi. Remmy aliendesha taratibu mno, hata mzee mwenye baiskeli ya mkaa akawapita, akawapungia mkono.

"Tutachelewa," Remmy alisema.

"Tuchelewe," alisema Noela.