Yatima wa Toleo la Kumi na Tisa

Jumatatu saa nne asubuhi, mama yake Nukta alijibu swali ambalo Nukta hakuwa ameuliza.

"Hapana mwanangu, nimeshiba," alisema kutoka sebuleni. "Wewe rudi kwenye kazi yako."

Nukta alikuwa chumbani, mlango umefungwa, na tangu aamke hakuwa ametamka neno. Alidhani mama anaongea na jirani. Alipotoka alimkuta peke yake kwenye kochi, uso ameuelekeza kwenye kiti kitupu, anatabasamu. Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akisubiri zamu yake ya upasuaji, na kwa sasa aliwatambua watu kwa sauti na kwa mwendo. Sebule ilinuka kama nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka. Nukta alikagua kabati, akakagua kamba ya uani, akainama hata chini ya kochi. Hakukuwa na nguo yoyote mbichi.

Kukagua ndiyo ilikuwa kazi yake. Jina la Nukta alipewa na wenzake baada ya kumrudishia mtu kazi mara tatu kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana. Walikuwa watu sita katika vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na pamoja na wenzao wengine waliotawanyika duniani walitengeneza mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote angeweza kuuchukua bure, kuufungua, kuusoma na kuubadilisha apendavyo. Kila miezi sita walitoa toleo jipya. La kumi na tisa lilikuwa litoke Alhamisi hiyo, saa sita mchana.

Ndani ya mfumo mlikuwa na maelfu ya programu, na kila programu ilikuwa na mlezi wake: mtu mmoja, jina lake limeandikwa, wa kuulizwa ikiharibika. Mlezi akichoka, akifa, au akipata mambo mengine ya dunia, programu yake huitwa yatima. Anayetaka kuichukua huandika maneno mawili tu: "Nimekubali kuilea." Asipopatikana mtu, yatima huondolewa kabla toleo halijatoka.

Mwezi uliopita Nukta alikuwa amechukua yatima mmoja. Aliyempa ni Fundi, ambaye kwa miaka minne alikuwa amemfundisha kazi, tangu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayeogopa kuuliza swali mbele za watu. Fundi ndiye aliyesoma mistari yake ya kwanza na kumwonyesha kwa upole palipokosewa. Programu yenyewe ilikuwa ndogo, mistari mia mbili na kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kurekebisha saa kompyuta inapowashwa. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa ameilalamikia. "Nakupa wewe kwa sababu nakuamini kuliko wote," Fundi alimwandikia. Nukta, anayesoma hata maandishi ya mgongoni mwa kiberiti, aliikubali bila kuifungua.

Jumatatu hiyo, harufu ile ikiwa bado puani, aliifungua.

Mistari ya mwanzo ilikuwa ya kawaida. Kuanzia wa mia moja na arobaini, mambo ya saa yalikwisha. Palikuwa na orodha ya walezi saba waliotangulia, kila mmoja na siku aliyopokea na siku aliyoachia, na chini ya kila jina maelezo mafupi ambayo hakuna kompyuta ingeyahitaji. "Ana mke. Mke ananisikia." "Ana pacha. Pacha amehama." Wa saba alikuwa Fundi: "Ana watoto wawili. Nikiwaita wanakuja." Na chini yake, wa nane, jina lake mwenyewe.

"Ana mama. Mama haoni."

Mstari huo ulikuwa na tarehe ya siku hiyohiyo. Nukta hakuwa ameuandika.

Alimkuta Fundi kwenye ngazi za ofisi, anapenya kati ya magodoro ambayo mwenye duka aliyaegemeza ukutani. Alimwita kaka, kama alivyozoea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama alijua. Fundi alimsihi apunguze sauti zaidi, na hapo Nukta alipata jibu lake.

"Ilikuwa inawaita wanangu kwa sauti yangu," Fundi alinong'ona. "Mimi niko jikoni, wao wanaitwa uani. Siku moja nilimkuta yule mdogo amepanda juu ya tangi la maji, anachungulia ndani. Akaniambia, baba, si umeniita?"

"Mimi nina mama."

"Najua. Lakini huna mtoto, mdogo wangu."

Nukta alimuuliza kuhusu ule ujumbe, kwamba anamwamini kuliko wote. Ulikuwa uongo pia?

"Haukuwa uongo. Nilijua ukishakubali kitu huachi."

Afadhali angekuwa amemdanganya. Nukta aliegemea godoro, likabonyea. Aliona haya, kana kwamba ni yeye aliyefumaniwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkunga. Huyu alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, msimamizi wa matoleo, na jina hilo lilimkaa kwa sababu matoleo yote kumi na manane yalikuwa yamepita mikononi mwake. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwita Fundi arudie yote mbele yake, kisha akamwambia Fundi kwamba amewahi kuona watu wanatupa takataka kwa jirani, lakini hajaona anayezifunga kwa utepe na kuziita zawadi. Baada ya hapo alivua miwani.

"Hili ni jini, wala tusilitafutie jina la kisomi," alisema. "Majini hukaa palipoachwa. Zamani ilikuwa magofu. Miaka tisa walezi wanapokezana jina tu, mtu hajaingia humo, mlitarajia nini?"

Dawa aliyoitoa ilikuwa fupi. Jina la Nukta lifutwe, programu iondolewe, na mpaka Alhamisi saa sita asitokee mtu wa kuikubali. Jini atabembeleza, atalia, atatumia sauti ya yeyote, ila hana njia ya kumwingilia mtu asiyesema amekubali. Toleo likitoka bila yeye, hana pa kurudi. Mkunga aliwaandikia wenzao wote kwamba atakayeikubali programu ile atakutana na yeye mwenyewe, na kwamba yeye ni mbaya kuliko jini. Nukta alitengeneza orodha ya wote wenye ruhusa ya kulea, watu mia moja na sita, akaweka alama mbele ya kila jina mwenyewe alipojibu. Hakumpita hata mmoja.

Nukta hakumwambia mama yake kitu. Mama alikuwa mgonjwa, na kompyuta hajawahi kuigusa.

Jumanne yote ilikuwa kimya. Jumatano saa nane mchana wenzake walishuka kula, Nukta akabaki na orodha yake. Feni ilizungusha upepo wa moto. Kisha harufu ya nguo mbichi ikapanda ngazi, ikaingia, ikakaa. Katika chumba cha nyuma, ambamo hamkuwa na mtu, kibodi ilianza kulia, na Nukta akautambua mlio huo kwa sababu ulikuwa wa kwake, ule wa kupiga maneno matatu kwa kasi, kusita, kufuta, kuanza upya. Kwenye skrini mbele yake ukatokea ujumbe kwa watu wote mia moja na sita, umetoka kwake, una nukta kila panapostahili: "Samahani. Nilikosea. Tafadhali, nani atailea?" Hakuna aliyejibu. Kibodi ikanyamaza, na kutoka chumba kile kile ikaja sauti ya Fundi, si Fundi wa kwenye ngazi bali yule wa miaka minne iliyopita, mpole, anayesubiri mtu amalize kuuliza, ikamwambia, mdogo wangu, nilikukosea, sikulala tangu siku ile, nilijiona nakufa nikakushika wewe, nisamehe, sema tu umekubali na mimi nitaichukua kesho, naapa nitaichukua, na Nukta, aliyekuwa amesubiri maneno hayo tangu Jumatatu, aliyeyajua yote na mpangilio wake kwa sababu alikuwa ameyatunga mwenyewe kichwani akiwa kitandani, alihisi ulimi unajiinua, akauma mkono wa blauzi yake na kuendelea kuuma hadi magari yaliposikika tena barabarani na wenzake wakaanza kupanda ngazi wakicheka, Fundi halisi akiwa miongoni mwao, anachokonoa meno, akampita bila kumtazama.

Alhamisi saa tano Mkunga alisoma orodha ya mwisho kwa sauti, programu moja baada ya nyingine, na Nukta akafuata kwa kidole. Yule yatima hakuwemo. Waliweka sahihi. Saa sita kamili toleo la kumi na tisa lilitoka, na kompyuta za watu wasiowajua zikaanza kulivuta. Harufu ilikwisha kama taa iliyozimwa. Mkunga alikaa, akaomba maji, akasema mtoto amezaliwa salama, ana vidole vyote. Watu wakacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Fundi alimnyooshea Nukta mkono. Nukta akachukua mkoba wake.

Alitembea hadi nyumbani akiwa mwepesi, na njiani alinunua machungwa, mama alipenda kuyamenya mwenyewe.

Mama alikuwa kwenye kochi, amejitanda kanga yake safi. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja hakijanywewa, na mvuke wake ulikuwa bado unapanda.

"Ingia polepole," mama alisema. "Ndiyo kwanza amelala."

"Nani amelala, mama?"

 Mama alinyoosha pindo la kanga magotini.

"Nilijua si wewe," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Mimi sioni, lakini mwanangu namjua. Wewe unanipita hapa kama abiria. Yeye anakaa. Ananiuliza habari za baba yako, ananiuliza nilikuwaje nilipokuwa msichana. Wewe umewahi kuniuliza?"

Nukta alikuwa ameweka machungwa sakafuni. Hakukumbuka alivyoyaweka. Alimuuliza mama kama yule mtu alimwomba jambo.

"Alikuja mchana huu analia. Kasema wamemfukuza, hana kwao. Akaniuliza kama nitamlea."

"Mama, ulimwambia nini?"

"Wewe ungemwambia nini mtoto anayelia?" Mama aligeuza uso dirishani. "Nilimwambia nimekubali."

Harufu ya nguo mbichi ilikuwa imejaa nyumba nzima, nene, tulivu, kama ya mtu aliyekwisha kupanga vitu vyake. Kitanda cha Nukta kililia chumbani. Halafu sauti yake mwenyewe, yenye usingizi, iliuliza kupitia mlango:

"Mama, nani huyo amekuja?"

"Ni dada yako," mama akajibu. "Lala tu."