Nywele za Maksai

Mnadani siku ile vumbi lilitanda mpaka watu wakawa wanapiga chafya kwa zamu. Mfugaji alikuwa akikwepa kundi la mbuzi alipoigonga meza ya mpimaji, bahasha zikaruka huku na huko.

“Macho umeyaacha nyumbani?” mpimaji akafoka. Alivaa gauni la njano chini ya koti jeupe, na miguuni mabuti ya mpira yenye matope. Mfugaji akainama kuokota bahasha, akainuka keshapenda.

“Nisamehe, dada. Hizi za nini?”

“Za kutilia nywele za mkia. Tunapima vinasaba. Dume anaweza kunenepa akang'aa, kumbe damuni ana kasoro. Akimpanda ng'ombe mwenye kasoro hiyo hiyo, ndama hufia tumboni. Una dume?”

“Ninaye Radi. Kila mwenye ng'ombe anamtaka.”

“Basi ng'oa nywele thelathini, na mizizi yake. Ijumaa ziwe hapa.”

“Na nikitaka kuzijulia hali, nipige namba gani?”

Mpimaji akacheka, akampa.

Radi hakuwa wa kushikwa mkia. Ijumaa asubuhi alimtandika mfugaji teke la paja, na saa zilikuwa zinakwenda. Pembeni maksai, ndugu yake Radi kwa mama, alikuwa akicheua kwa utulivu. Mfugaji akajiambia damu ni moja, akang'oa za maksai, akaandika jina la Radi kwenye bahasha, akachechemea kwenda kwa mrembo wake. Mjinga mkubwa!

Majibu yakatoka safi, Radi akapewa cheti. Mapenzi nayo yakanoga, simu asubuhi, simu jioni.

“Umekula, roho yangu?”

“Nitakulaje na sauti yako haijanishibisha?”

“Muongo wewe! Radi hajambo?”

“Ananionea wivu. Na kuna ndama wake wa juzi, nimempa jina lako.”

“Umenifananisha na ng'ombe?”

“Macho tu, mpenzi.”

Mpimaji alipenda, akaamini. Mama yake, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na ng'ombe huyo vipimo vilionyesha ana ile kasoro. “Mpeleke kwa Radi, mama,” akamwambia. “Nimempima mwenyewe.”

Ng'ombe alikufa akizaa, ndama mfu akiwa bado tumboni. Mpimaji akaenda zizini kwa mfugaji na sindano ya usingizi, akamng'oa Radi nywele kwa mkono wake. Hazikulingana na za kwanza, na kasoro ilikuwamo. Akaamini kwamba mwanamume yule alimtongoza ili apate cheti. Tangu hapo mfugaji alipiga simu miezi miwili bila kupokelewa, hata ugali ukawa haumpiti kooni.

Kisha siku moja simu yake ikalia yenyewe. “Njoo mgahawani.”

Alikwenda na pete mfukoni.

“Sikukusudia,” alisema kabla hajaketi vizuri. “Niliogopa teke. Nilitaka nikuwahi Ijumaa ile.”

“Najua. Maksai nimempima pia, nywele ni zake. Mwizi angechukua za dume aliyekwisha kupimwa, si za ndugu yake Radi. Ulikuwa mjinga, hukuwa mwizi. Nilikudhania vibaya.”

Moyo ukamruka kwa furaha. Mpimaji akamsogezea karatasi: Radi na uzao wake wote zizini, vichwa kumi na tisa, wachinjwe. Chama cha wafugaji kilitaka saini ya mwenye mali.

“Hilo ni karibu zizi langu lote!”

“Saini, mpenzi. Halafu tuzungumze yetu.”

Mpenzi! Miezi miwili hakulisikia neno hilo. Akasaini, kisha akaiweka pete mezani.

Mpimaji akaikagua saini, akaikunja karatasi, akasimama.

“Na yetu?”

“Hakuna yetu. Chama kilinipa mpaka leo niilete saini yako, la sivyo kazi sina. Nilijua nikikuita mpenzi utasaini.”

“Kwa hiyo hunipendi?”

“Nakupenda, na inaniuma. Lakini mama anaomba maziwa kwa majirani, na ni mimi niliyemwambia akuamini.” Akamrudishia pete. “Lori linakuja kesho saa mbili.”

“Na yule ndama mwenye jina lako?”

“Ni wa kumi na tisa,” alisema. “Nimemwandika mwenyewe.”