Uthibitisho Kutoka Ubelgiji

"Mwalimu Pelagia, hiki Kifaransa mimi sikiwezi," alisema Mwatumu, akimkabidhi karatasi mbili zilizotoka kwenye printa zikiwa bado za moto. "Ila mhuri upo, ukurasa wa pili. Tuma tu."

Stationari ya Mwatumu ilikuwa jirani na stendi ya Kasulu. Pelagia alikuwa amekaa hapo tangu atoke shuleni, akijaza fomu ya mchumba wake. Niyonkuru alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, kisha akaenda Ubelgiji kusoma shahada ya pili. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Sasa aliomba marejesho ya mkopo yasitishwe kwa muda, maana yuko nje na hana kipato, na fomu ilitaka uthibitisho wa hali yake huko. Mdhamini wake ni Pelagia, kwa hiyo barua za kukumbushia deni zilikuwa zinamfikia yeye.

Simu ikaita.

"Pela, imefika?"

"Imefika. Watu wa mkopo wakiniuliza inasema nini, niwajibu nini?"

"Inasema sina kibali cha kufanya kazi. Basi. Funga kwenye bahasha utume leo, usimwonyeshe mtu."

"Hata mama yako?"

"Mama wa nini kumsumbua? Pela, nakupenda. Desemba nakuja tufunge ndoa."

Desemba alishaahidiwa mara tatu. Pelagia hakutuma. Jumamosi asubuhi akapanda gari la Kibondo.

Ininahazwe, mama yake Niyonkuru, alikuwa uani anapepeta maharage. Kabla hajakimbia vita Burundi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kifaransa hakikumtoka kichwani.

"Amahoro, mkamwana. Mbona uso huo?"

"Nisomee hii, mama. Imetoka kwa Niyonkuru."

Mama akavaa miwani. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Akarudi juu, akaanza upya.

"Ni ofisi ya wakimbizi," alisema. "Ameomba hifadhi. Alhamisi ijayo ana mahojiano."

"Hifadhi? Si Mtanzania yule?"

"Hapa kwenye maelezo yake wameandika Mrundi. Amezaliwa Burundi, hana nchi nyingine." Kidole kikateremka. "Hana mke. Hana mchumba."

Pelagia alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Endelea, mama."

"Mwana wanje, mwanangu, inatosha."

"Endelea."

"Baba amekufa. Hilo kweli." Sauti ilipungua. "Mama alikufa maji akivuka Malagarasi."

Pelagia akampigia Niyonkuru. Ikaita mara mbili tu.

"Umetuma, mpenzi?"

"Niko Kibondo. Mama ameisoma."

"Pela, nisikilize. Ada ilinishinda, chuo wakanitoa, viza ikaisha. Nimelala kituo cha treni wiki tatu na baridi ile. Mtu akaniambia, waeleze hivi, watakupa kitanda. Ni maneno ya kwenye karatasi tu!"

"Na mimi? Miaka minne mimi ni nani?"

"Ningesema nina mchumba Kasulu wangejua kwetu ni Tanzania."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Niyonkuru."

"Mama…"

"Malagarasi niliivuka una miezi saba tumboni. Maji yalinifika hapa kifuani, nikakubeba. Nikakuzalia kambini Mtabila, huku Tanzania, chini ya turubai. Wewe umeniua kwenye mto uleule?"

"Mama, nisamehe."

"Nakuuliza, maiti yangu uliizika wapi?"

Niyonkuru akalia kwa sauti kama mtoto. Mama akairudisha simu kwa Pelagia, akaenda kusimama nyuma ya jiko.

"Alhamisi waambie ukweli," Pelagia alisema.

"Watanirudisha."

"Ndiyo, urudi."

"Nirudi na nini, Pela? Wenzangu wamejenga. Nirudi na begi na deni?"

"Nina mshahara, mama ana shamba. Deni tutakatwa kidogo kidogo kama wengine. Njoo."

"Nitajaribu," alisema.

Alhamisi Pelagia alifundisha vipindi vinne bila kujua anafundisha nini. Saa kumi jioni meseji ikaingia:

"Mahojiano yameisha. Nimeshindwa. Nimewaambia yaleyale. Nivumilie."

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa. Kisha akaandika:

"Fomu yako siipeleki, wasije wakaona umejiita Mrundi wakakufunga. Nitakwenda mwenyewe kama mdhamini, niombe muda. Ila mimi na wewe basi."

Simu iliita mara kumi na moja. Hakupokea.

Jumapili baada ya misa, Ininahazwe aliteremka Kasulu peke yake, akiwa amevaa kitenge chake cha sherehe. Mume alishafariki, wa kumtuma hakuwa naye. Alikaa mbele ya mzee Kasian, baba yake Pelagia, akaeleza yote bila kumficha mwanawe.

Mzee Kasian alikuna kidevu.

"Kwa hiyo, dada yangu, uchumba umevunjika. Ng'ombe wenu wawili nitawarudisha."

"Wabaki. Binti amesubiri miaka minne. Hiyo haina mtu wa kuirudisha."

"Na kijana mwenyewe? Nikiulizwa kanisani, niseme yuko wapi?"

Ininahazwe alimtazama Pelagia, aliyekuwa ameinamia magoti yake.

"Sema yuko hai," alijibu. "Ni sisi tu ndio hatunaye."

Pelagia akanyanyuka, akamshika mkono mama yule, akamsindikiza hadi stendi. Gari lilipoanza kuondoka, Ininahazwe alifungua dirisha.

"Jumamosi njoo," alisema. "Maharage bado mengi, siwezi peke yangu."

"Nitakuja, mama."